Alikuwa na Akili Zake Zote

Mdogo wangu ameniruhusu niandike habari zake kwa sharti moja: jina lake lisiwemo, wala la chuo alichosoma, wala la kundi la kidini lililomchukua. Nimekubali. Ni mtoto wa mama mdogo, tumelelewa nyumba moja Tukuyu, wilayani Rungwe, na tangu akiwa darasa la nne majirani walikuwa wanamletea barua za benki na karatasi za ardhi awasomee na kuwaeleza maana yake. Kidato cha sita alichukua PCM (fizikia, kemia na hesabu), akapata divisheni wani, akapangiwa chuo kimoja Iringa kusomea ualimu wa hesabu na fizikia. Sitaji haya kwa kumsifia ndugu. Nayataja kwa sababu miaka ile alipokuwa amepotelea ndani ya kundi, karibu kila aliyekuja kutupa pole alimalizia na swali moja: "Sasa na usomi wake wote ule, akili ilikwenda wapi?"

Akili haikwenda popote. Alikuwa nayo muda wote na aliitumia kila siku. Hilo ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu naona wazazi wengi wa huku kwetu, kuanzia Kyela hadi Mafinga, wanaamini kwamba mtoto akishafaulu vizuri amekuwa salama na mambo haya, kwamba yanawapata watu wasiosoma. Siyo kweli.

Tuangalie yaliyokwisha kutokea hadharani. Kanungu, magharibi mwa Uganda, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya waumini wa kundi lililojiita la Kurejesha Amri Kumi za Mungu waliteketea kwa moto ndani ya jengo lao la ibada. Siku zilizofuata polisi walifukua maiti nyingine nyingi kwenye mashimo ndani ya nyumba zilizokuwa zikitumiwa na viongozi. Mmoja wa viongozi hao, Dominic Kataribabo, alikuwa padri mwenye shahada ya uzamili aliyoisomea Los Angeles, Marekani. Mwingine, Joseph Kibwetere, alikuwa mtu wa elimu na siasa, anayeheshimika eneo lake. Na aliyewavuta wote ni Credonia Mwerinde, mwanamke aliyedai kutokewa na Bikira Maria, ambaye usomi wake haukukaribia wa hao wanaume wawili.

Japani ni hivyo hivyo. Waliomwaga sumu ya sarini kwenye treni za chini ya ardhi za Tokyo tarehe 20 Machi 1995, kwa amri ya mwalimu wa yoga aliyeitwa Shoko Asahara, kiongozi wa kundi la kidini la Aum Shinrikyo, walikuwa wasomi. Kati yao alikuwamo Ikuo Hayashi, daktari wa upasuaji wa moyo, pamoja na vijana waliosoma fizikia vyuo vikuu. Huyo daktari alikuwa ametumia maisha yake kuokoa watu, na siku ile alipanda treni na mifuko ya sumu. Tusidanganyane kwamba hakujua kufikiri. Na Aprili 2023, Shakahola, kule Kilifi nchini Kenya, walipoanza kufukua makaburi ya wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie, hesabu ilikwenda ikapita maiti 400. Mackenzie alikuwa amewahubiria kwamba shule na hospitali ni mambo ya shetani. Walimfuata maskini, lakini walimfuata pia watu walioacha kazi za mshahara.

Hapa nyumbani kuna kumbukumbu ya namna nyingine. Mwaka 2011, kijijini Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, ambaye watu walimwita Babu, alikuwa akinywesha watu kikombe cha dawa ya mti kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi. Walikwenda wakulima, wakaenda viongozi wa serikali na watu wenye shahada zao, na wapo wagonjwa waliofia njiani. Mtu anaweza kuwalaumu kwa kuamini. Lakini Babu alikunywesha kikombe, ukalipa mia tano yako, ukarudi kwenu. Hakukutaka uhamie kwake, hakuhoji unaongea na nani kwenye simu, hakukuambia mama yako mzazi ni adui wa roho yako. Ninachokizungumzia hapa ni hicho ambacho Babu hakukifanya. Kuamini jambo gumu kuaminika ni kitu kimoja. Kumkabidhi mtu mwingine usingizi wako, mfuko wako na ndugu zako ni kitu kingine kabisa.

Nayasema haya nikiwa mtu wa kanisani. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na ukoo wetu umesali huko kwa vizazi. Mbeya mjini, ukitembea kutoka Mafiati hadi Soweto siku ya Jumapili utasikia kwaya na vipaza sauti kila baada ya nyumba chache, na wengi wa wanaosali humo wanarudi nyumbani kupika na kucheka na watoto wao. Kupaza sauti, kunena kwa lugha, kufunga na kukesha si dalili ya kitu kibaya. Kundi lililomchukua mdogo wangu lilikuwa la watu wapole sana, wanaoongea taratibu.

Aliingiaje? Si kwa hoja.

Mwaka wake wa kwanza chuoni, katikati ya semista, baba mdogo, yaani baba yake mzazi, alifariki ghafla. Vijana wa kundi lile, ambao walikuwa wamemfahamu kwa muda mfupi tu, walisafiri naye kutoka Iringa hadi Mbeya, wakapanda Coaster usiku kuja Tukuyu. Walichota maji, wakapasua kuni, wakasugua masufuria meusi ya msibani ambayo kila mtu huwa anayakwepa, na usiku waliimba chini ya turubai mpaka wazee wakanyamaza kuwasikiliza. Hakuja mtu mwingine yeyote kutoka chuoni. Wakati wa kuondoka, mama mdogo aliwashika mikono mmoja mmoja akawaambia, "Wanangu, mtunzieni huyu."

Nasisitiza jambo hili kwa sababu linasahaulika: wale vijana hawakuwa wanaigiza. Walimpenda kweli. Wengi wao nao walikuwa wamepokelewa hivyo hivyo wakiwa na misiba yao, au baada ya kuachwa na wachumba, au baada ya kudisko, yaani kufeli na kuondolewa chuo, mwaka wa kwanza wakashindwa kuwaeleza wazazi. Ukimuuliza leo mdogo wangu kilichomvuta, hataji fundisho hata moja. Anataja wale watu na masufuria.

Kwetu Rungwe jambo hili lina mizizi mirefu zaidi ya chuo. Monica na Godfrey Wilson, watafiti walioishi na Wanyakyusa miaka ya 1930, waliandika jinsi wavulana wa rika moja walivyokuwa wakitoka kwa baba zao wakiwa bado wadogo, wakajenga vibanda vyao pamoja pembezoni, na kijiji hicho cha rika kikakua nao mpaka uzeeni. Kula na wenzako, kuzungumza na wenzako, kulima na wenzako, ndiko kulikomfanya mtu awe mtu. Vijiji hivyo havipo tena, ila njaa yake ipo. Mpeleke kijana wa miaka 20 mji wa baridi asiko na ndugu, akae geto peke yake, afiwe na baba. Atakayemrudishia rika amemrudishia kitu kikubwa sana. Akili ya hesabu haina la kusema hapo, kwa sababu haijaulizwa swali lolote.

Na hakuna aliyemwambia siku ya kwanza, "Utatukabidhi bumu lako, fedha zako za mkopo wa chuo, na utaacha kuongea na mama yako." Angekimbia. Wanaojua ulanzi wa Iringa, ile pombe ya mianzi, watanielewa: asubuhi unapoteremshwa kwenye mianzi ni mtogwa, mtamu, hata mtoto anapewa, ukiuacha unachacha wenyewe pale pale, na wewe uliyekuwa unaonja kidogo kidogo huwezi kusema ni saa ngapi ulibadilika. Kwake ilianza na maombi ya saa moja, Jumatano jioni. Ikafuata mikesha ya Ijumaa, kisha kufunga siku tatu. Baadaye wakamwomba ahamie kwenye nyumba waliyopanga pamoja, maana kodi ingekuwa nafuu, na ilikuwa nafuu kweli. Kisha kila mmoja akapewa mlezi wa kiroho, na mlezi akashauri fedha za mkopo zikiingia ziwekwe pamoja "kama kanisa la Matendo ya Mitume." Kila hatua ilikuwa ndogo ukiilinganisha na ile iliyopita. Ukubwa wake unaonekana tu ukiilinganisha na mwanzo, na mwanzo hakuna aliyekuwa anautazama tena.

Mwaka 1966 watafiti wawili wa Marekani, Jonathan Freedman na Scott Fraser, walionyesha kitu hiki bila dini yoyote. Waliwaomba wenye nyumba huko California waweke uani kwao bango kubwa, baya, la kuwaasa madereva. Kati ya walioombwa moja kwa moja, asilimia 17 walikubali. Lakini kati ya wale ambao wiki mbili kabla walikuwa wamekubali kubandika kikaratasi kidogo chenye ujumbe kama huo, walikubali asilimia 76. Kikaratasi kilikuwa kimeshawafanya wajione kuwa watu wa aina fulani. Mdogo wangu, alipokubali kuamka saa tisa usiku kwa ajili ya maombi, alikuwa ameanza kujiona kuwa mtu ambaye harudi nyuma.

Hapa ndipo akili yake ilipopewa kazi, na kazi hiyo ndiyo inayonitisha zaidi katika habari hii yote. Alikuwa na daftari la unabii. Kiongozi wao, waliyemwita Baba, alitoa unabii karibu kila wiki: mtu atapata barua, mwingine atapata safari, kuna kifo kwenye ukoo fulani. Mdogo wangu, mtu wa hesabu, akaamua kuweka kumbukumbu. Uliotimia aliuandika kwa kalamu nyekundu na tarehe yake. Ambao haukutimia hakuufuta, aliutafutia maelezo. Maombi yaliuzuia. Au mhusika hakutii. Au wakati wa Mungu bado. Mtu asiyejua kufikiri angeona tu kwamba lililosemwa halikutokea, yakaishia hapo. Mdogo wangu aliweza kujenga daraja juu ya kila shimo, na akawa anawafundisha wenzake namna ya kulijenga. Kanungu walifanya hivyo hivyo: walikuwa wametangaza kwamba dunia ingefika mwisho 31 Desemba 1999, tarehe ikapita, watu walikuwa wamekwisha kuuza mali zao, na maelezo yakapatikana.

Mjomba wetu, ambaye ni mchungaji, alisafiri hadi Iringa kwenda kujadiliana naye. Alirudi amechoka. Kila andiko alilolitoa, kijana alikuwa na matatu ya kumjibu. Mjomba alisema neno ambalo sijalisahau: "Huyu hawezi kushindwa kwa maneno, na kila anaponishinda anazidi kufungwa." Nadhani aliona sawa. Moyo ulikuwa umeshachagua nyumba ya kukaa, na akili, kwa uaminifu wote, ikawa mlinzi wa hiyo nyumba. Mlinzi akiwa hodari, kuingia ni kugumu zaidi.

Kulikuwa pia na maneno. Swali liliitwa uasi. Uchovu uliitwa ukavu wa kiroho. Kumpigia mama simu mara kwa mara kuliitwa kurudi Misri. Anayetaka kuondoka alikuwa "anatoka nje ya kifuniko," na kila aliyetoka nje ya kifuniko alisimuliwa ajali. Daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Robert Jay Lifton, aliyewahoji watu waliotoka kwenye magereza ya China ya miaka ya 1950, aliandika mwaka 1961 juu ya mambo aliyoyaona yakijirudia pale mtu anapobadilishwa fikra: kudhibiti anachosikia na anayeongea naye, kumdai usafi usiofikika, kumfanya aungame bila kikomo, na kumpa lugha ambayo inamalizia fikra kabla hazijaanza. Lifton hakuwa anachunguza kanisa. Nilipomsomea mdogo wangu orodha hiyo, aliniomba nirudie ile ya maungamo.

Maana maungamo yaliandikwa. Kila Jumamosi, kila mmoja alimpelekea mlezi wake karatasi: alichokiwaza, alichokitamani, nani alisema nini. Mlezi alipeleka kwa Baba. Ndiyo maana Baba "aliona" mambo ya siri ya watu katika ibada ya Jumapili, na watu wakalia wakisema hakika huyu ni mtumishi wa kweli. Mdogo wangu alikuwa mlezi wa vijana watatu. Karatasi zao zilipitia mikononi mwake. Nilimuuliza kama hakuwahi kuunganisha mambo hayo mawili. Akanijibu, "Dada, nilikuwa naona kabisa. Nilijiambia kwamba Mungu anaweza kutumia hata karatasi."

Pigo kwa familia lilikuja na fundisho la madhabahu za ukoo. Wasomaji wengi wa huku mnalijua: kwamba kila ukoo una agano la kale na mizimu, na mtu haendelei mpaka atenganishwe nalo. Wapo wanaolifundisha wakaombea watu, wakawaacha waendelee kupendana na ndugu zao. Kwa Baba lilikuwa kisu. Kila aliyekuwa ndani alichorewa ukoo wake kwenye karatasi na kuonyeshwa nani anabeba nini. Kwetu ilionekana mbebaji ni bibi, mzaa mama zetu, ambaye maisha yake yote alikuwa akifagia kanisa bila kulipwa.

Bibi alipofariki mdogo wangu hakuja.

Sijui kama mtu asiyetoka Rungwe anaweza kupima uzito wa sentensi hiyo. Kwetu watu waliogombana miaka 20 hukutana msibani. Wakwe huja na ng'ombe, waliohamia Mbarali na Chunya huja, na asiyekuja jina lake hutajwa kimya kimya kwa siku zote za matanga. Mama mdogo alikaa akiangalia njia ya barabarani. Mjomba mwingine alisimama akasema mbele ya watu kwamba kijana huyo asihesabiwe tena. Mama yangu alimjibu kwa kumwambia akae chini.

Kilichokuja kumfungua hakikuwa hoja, wala mchungaji, wala sisi. Kulikuwa na binti mwanafunzi mle ndani, mwenye pumu tangu utotoni. Aliambiwa kopo lake la dawa ya kuvuta ni ishara ya kutoamini, akalikabidhi mbele ya watu wote, na watu wakapiga makofi. Juni ya Iringa inafahamika kwa baridi. Usiku mmoja alibanwa, midomo ikabadilika rangi, na waliokuwa naye chumbani wakawa wanaomba. Mdogo wangu aliamka, akatafuta bajaji, akampeleka hospitali. Anasema hakuamua kitu, miguu ilikwenda. Binti alipona.

Jumapili iliyofuata alisimamishwa mbele kuungama uasi. Naye akaungama. Huyu ni kijana aliyekuwa akimshinda mchungaji kwa maandiko, na alisimama akasema kwamba kumpeleka mgonjwa hospitali ni dhambi, kwa sababu watu wote waliokuwa mle ndani walikuwa wanamtazama na hakuna hata mmoja aliyekunja uso.

Miaka ya 1950 Solomon Asch, mtafiti huko Marekani, aliwakalisha watu chumbani na kuwauliza ni mistari ipi miwili yenye urefu sawa. Jibu lilikuwa wazi kwa macho. Lakini wengine wote chumbani walikuwa wamepangwa na mtafiti, wakatoa kwa pamoja jibu la uongo, na karibu robo tatu ya waliopimwa walilikubali jibu hilo la uongo angalau mara moja. Nawaomba wanaouliza "akili ilikwenda wapi" wakae na habari hiyo kidogo. Hapakuwa na Mungu pale, wala jehanamu, wala rafiki wa kumpoteza. Ilikuwa ni mistari kwenye kadi na watu wasiojuana.

Ila Asch aligundua na jambo la pili, na kwa kweli ndilo lililomwokoa ndugu yangu. Akipatikana mtu mmoja tu chumbani anayesema kile ambacho macho yanaona, nguvu ya kundi huanguka vibaya. Jioni ya siku ile ya maungamo, wakiwa wanaosha vyombo, kijana mwingine alimwambia bila kumtazama usoni, "Ulifanya vizuri kumpeleka." Basi. Neno hilo tu. Wakaanza kutembea pamoja kwenda sokoni, na njiani wakawa wanaambiana kile ambacho kila mmoja alidhani ni yeye peke yake anayekiona: karatasi za Jumamosi na unabii wa Jumapili, gari jipya la Baba, na hesabu ya fedha ambayo hakuna aliyewahi kuisoma. Ndiyo maana makundi haya yanawafundisha watu kuripotiana. Viongozi wanajua vizuri thamani ya mtu wa pili.

Kwa wenye ndugu walio ndani sasa hivi, kuna utafiti ninaoupenda kwa sababu unatoa tumaini lenye miguu. Eileen Barker, msomi wa Uingereza, alifuatilia watu zaidi ya 1,000 waliohudhuria semina za kanisa la Sun Myung Moon, mhubiri wa Korea Kusini, maeneo ya London mwaka 1979. Waliokubali kujiunga walikuwa takriban asilimia 10, na wengi wa hao walitoka wenyewe ndani ya miaka miwili. Hakuna aliyewateka nyara kuwatoa. Mtu huchoka, huona, hukutana na mtu wa pili. Swali kubwa ni kama siku hiyo atakuwa na pa kwenda.

Mdogo wangu alikuwa na pa kwenda kwa sababu ya mama yangu. Miaka yote ile, kila Jumapili jioni, alimpigia simu. Mara nyingi haikupokelewa, basi akamtumia ujumbe. Hakumgusia dini hata siku moja. Alimweleza ng'ombe amezaa, parachichi zimeshuka bei, mtoto wa fulani ameanza kutembea, mvua imevunja migomba. Watu walimwambia anapoteza vocha. Mdogo wangu anasema ujumbe ule alikuwa akiufuta baada ya kuusoma, kama alivyoagizwa, lakini aliusoma, na mle ndani alikuwa ameambiwa kila siku kwamba familia yake imemkataa. Ujumbe wa ng'ombe ulikuwa ushahidi kinyume. Alipotoka, na begi moja, alishuka Tukuyu saa mbili usiku akaenda moja kwa moja kwa mama mkubwa wake. Mama alimwuliza kama amekula.

Hakuwa amepona siku ile. Kwa miezi aliamka saa tisa usiku akitetemeka kwamba ajali ya waliotoka nje ya kifuniko itamfika. Alikuwa amepoteza mwaka wa masomo, fedha za mkopo ambazo bado anadaiwa, na marafiki wote aliokuwa nao duniani kwa siku moja. Wale walioimba kwenye msiba wa baba yake walimfuta kwenye simu zao. Hilo la mwisho ndilo lililomuumiza kuliko mengine, na ndugu tulichelewa kulielewa, kwa kuwa kwetu sisi wale walikuwa adui. Kwake walikuwa rika.

Sasa anafundisha sekondari mkoani Songwe. Kila mwaka kidato cha sita wanapokaribia kumaliza huomba kipindi kimoja kwa mkuu wa shule azungumze nao. Hawaambii wasisali, yeye mwenyewe anasali, na wanafunzi wake wengi watakwenda vyuoni na kujiunga na vyama vya wanafunzi Wakristo kama CASFETA na TMCS na kusali vizuri tu. Anawaambia wakifika mahali wajiulize: Nikisema hapana leo, Jumatatu bado mtanisalimia? Nani ana ruhusa ya kumkosoa kiongozi, na mara ya mwisho alikosolewa lini? Daftari la fedha linasomwa mbele ya nani? Na mama akinipigia, napokea mbele yenu bila kuogopa? Sheria yetu inataka jumuiya za kidini zisajiliwe, na Katiba, ibara ya 19, inalinda uhuru wa kuabudu; vyote ni vizuri, ila msajili hakai kwenye nyumba ya kupanga saa tisa usiku. Aliye na nafasi ya kujua ni aliyemo ndani, kama kuna mtu aliyewahi kumpa maswali ya kuuliza.

Yule kijana wa kuosha vyombo alitoka miezi michache baada yake, na yule binti pia. Wengine bado wamo. Hivi karibuni mmoja wao, ambaye miaka mingi hakuwahi kujibu salamu yake, alimwandikia kwa namba ngeni. Hakueleza kitu. Aliomba nauli ya kutoka Iringa mpaka Makambako. Mdogo wangu aliituma saa ile ile, na juu yake fedha ya chakula, akamwandikia kwamba akishuka asiende kwa mchungaji yeyote kwanza, wala asijaribu kumweleza mtu chochote. Aende kwa mama yake, alale.